Mwenye Chungu Huonja Kwanza

Huku kwetu Adungosi pombe ya wimbi haivamiwi. Chungu kinawekwa katikati, maji moto yanamiminwa, watu wanakizunguka na mirija yao mirefu, halafu wanangoja. Hakuna anayetia mdomo mpaka aliyeipika avute mbele yao, ameze, atulie kidogo. Mimi ni Msamia, niliolewa huku kwa Wateso nikiwa msichana, na mwanzoni nilidhani ni maringo tu ya wapika pombe. Mume wangu ndiye aliyenieleza kwamba yule anayeonja anawaambia wenzake: kama humu mna kifo, kianze na mimi. Na mume wangu mwenyewe wala hanywi.

Jirani yangu Amongin alikuwa mpishi wa pombe. Sisemi muuzaji, maana wauzaji wamejaa hadi mpakani Malaba, nyuma ya malori. Amongin alichagua wimbi mwenyewe, akasaga, akafukia unga mbichi shimoni kwa majani ya migomba, akaukaanga kwenye bati mpaka moshi ukamtoa machozi. Kimea cha kuchachushia alikiotesha kwa mkono wake, hakununua cha mtu. Alifiwa na mume mapema, na watoto wake wote wamesomeshwa na chungu hicho. Kijiji hiki hakikuoza binti wala kuzika mzee bila kupita kwake.

Halafu ikaja siku ya Elungat. Mzee huyo alikuwa ameita watu wamsaidie kuvuna, na jioni akataka kuwatuza kwa chungu. Amongin alikuwa na malaria. Kwenye zahanati walikuwa wamempa dawa na kumwonya asiguse pombe. Akaleta chungu, akamimina maji, akasema, "Leo niko na dawa mwilini, mniwie radhi, sitaonja." Watu wakacheka. Elungat akamjibu, "Mkono wako tunaujua, mama," akauchukua mrija, akavuta yeye wa kwanza.

Usiku ule akaanza kutapika. Kabla hawajafika hospitalini alikuwa ameaga. Wengine wawili waliumwa tumbo, wakapona.

Wapo waliosema watu wakivuna mzee alikuwa Malaba akinywa waragi, pombe kali ya ng'ambo ya mpaka, hata kabla hajaona chungu cha Amongin. Wapo waliosema ni moyo. Hakuna aliyetaka mwili upasuliwe, wakazika. Askari wa chifu wakaja wakavunja vyungu vyote vya Amongin, pombe ikatiririka mpaka barabarani. Kesi haikuwepo, na kukosekana kwa kesi ndiko kulikommaliza. "Afadhali wangenishtaki," aliniambia. "Jaji angesema ni mimi ama si mimi."

Kilichomtafuna ni kimea cha chungu kile. Kilinyeshewa kidogo kikiwa kimeanikwa, akakikausha tena, akaona sehemu imefanya ukungu, akaitoa. Basi akawa anakuja jikoni kwangu asubuhi, ananikalia kwenye gunia la makaa, swali ni lile lile. "Nilitoa yote, Mama Velma? Ama nilidhani tu nimetoa?" Sasa mimi ningejua nini? Sikuwepo. Mwanzoni nilimbembeleza. Baadaye nilikuwa ninamjibu huku nikipepeta maharagwe, na zipo siku nilijifanya sijasikia.

Watoto walimtafutia kazi Malaba, kwenye hoteli ya mama mmoja anayeitwa Mercyline, pale madereva wa malori wanakula wakingoja kuvuka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini Amongin alikuwa anashtuka akiona hata maji. Akipika maharagwe anaomba kila anayepita ayanuse. Nyama akiikata anaigeuza geuza mpaka madereva wanapiga meza. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa, akaamua mchuzi umeharibika, akaumwaga wote mtaroni. Mercyline alikuwa ameuonja muda mfupi tu uliopita, na haukuwa na kasoro. "Dada, mimi siwezi kulisha mtaro," akamwambia, na akamfukuza.

Akarudi nyumbani akawa analima vibarua kwenye mashamba ya watu, maana jembe haliulizi kama unaiamini mikono yako. Maziwa akikamua ananiletea ninuse. Nilimhurumia, lakini pia nilimkasirikia, nisiseme uongo. Kumtazama mtu uliyemjua akiwa na nguvu akiogopa sufuria yake mwenyewe kunachosha. Watu nao walikuwa wakimpita njiani wakiinamisha macho, si kwa chuki, ni kwa kukosa la kusema.

Mwaka mmoja tangu msiba ulipokaribia kutimia, Ajiko, mjane wa Elungat, akaja. Nilikuwa pale kwa Amongin. Hakuketi.

"Mwezi ujao padri anakuja kumwombea mzee," Ajiko akasema. "Nataka pombe."

"Nikuonyeshe nani anapika vizuri?"

"Nataka yako."

Amongin akaweka jembe chini. "Kwa nini mimi, mama? Wapishi ni wengi."

"Kwa sababu hiyo siku hukuonja. Nilikuwa hapo, nilikuona umekaa tu na mikono yako. Mwaka mzima nikifunga macho naona hiyo mrija kwa mdomo ya bwana yangu. Sasa nataka ukuje ukae kwangu, mbele ya watoto wake, unywe nikikuangalia."

Mtu asije akadhani huo ulikuwa msamaha. Ajiko aliondoka bila kuaga, na Amongin akabaki amesimama pale pale mpaka ng'ombe wakaanza kulia wafunguliwe. Nilimwambia akatae. Akasema, "Nikikataa hii, sitapika tena hata uji."

Akaazima chungu. Pombe ya kwanza aliyopika aliimwaga kwenye migomba. Mimi niliinusa, haikuwa na neno lolote, na kuku waliokula machicha yake walilewa wakatembea upande upande siku nzima, lakini hakuna aliyekufa. Hapo nikachoka. "Kuku ni wazima," nikamwambia. "Mgonjwa ni wewe." Akaenda kulowesha wimbi upya.

Ya pili ilipokuwa tayari akaniletea katika kikombe. Nikakataa. Kwanza mimi nimeokoka, pombe siigusi, na pili siku hiyo atakayeketi mbele ya chungu si mimi. "Onja mwenyewe." Hakuonja. Tangu Elungat afe hakuwa ameweka pombe yake ulimini, na akaibeba hivyo hivyo, bila kujua ladha yake.

Misa ilikwisha, watu wakala. Chungu kikawekwa uani, mirija ikachomekwa, na kila mtu akabaki alipo. Viti vilivyokizunguka vilikuwa vitupu. Amongin akaketi peke yake kwenye kigoda, Ajiko akasimama mkabala naye, watoto wa marehemu nyuma ya mama yao.

Akavuta. Akameza. Akatulia.

Hakuna aliyesogea. Ndugu yake Elungat aliinuka, nikadhani anakuja, kumbe alikuwa anafuata soda. Laiti ningekuwa mnywaji ningeenda kuketi naye, lakini kijiji kizima kinajua nimeokoka, wangecheka tu. Amongin akavuta tena, polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. Akavuta mara nyingine. Nikaona mabega yake yakishuka.

Ajiko akasogea. "Iko aje?"

Nikangoja aseme hajui. Mwaka mzima sikuwa nimesikia jibu lingine kutoka kwake, la maziwa, la chumvi, la kitu chochote. Akajifuta mdomo.

"Iko sawa," akasema. "Hata ya mzee ilikuwa sawa."

Watu wakaguna. Kijana mmoja wa marehemu akapiga hatua mbele na mama yake akamzuia kwa mkono.

"Unasema nini wewe?" Ajiko akauliza.

"Nimeonja, mama. Mkono ni ule ule, na kazi ni ile ile. Kimea kibaya ningekijua kwa ulimi sasa hivi, na ningekijua kwa vidole siku ile. Nilitoa yote."

"Basi ni nini iliua bwana yangu?"

"Sijui. Lakini si mimi."

Nilidhani Ajiko atampiga. Nafikiri hata yeye alidhani hivyo, maana aliinua mkono, na mkono ukabaki hewani bila kazi. Mwaka mzima alikuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo alimtosha. Siku ya mazishi hakulia, tulimsifu kwa ujasiri wake. Sasa akaketi chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, akaanza kumlilia mume wake, kwa sauti, akimwita kwa jina.

Amongin akashuka kwenye kigoda akaketi kando yake. Hakumshika, hakumwambia pole. Mpaka watu walipoondoka hakuna mwingine aliyegusa mrija, na wale wawili walikuwa bado pale chini, pombe ikiwa imepoa.