Vitwitwi wa Rusizi na Mtu Nisiyemjua

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, miaka ile ya vita. Nilikuwa nimesimama kwenye tope pale mto Rusizi unapoingia ziwani, mvua nyepesi inanyesha, na mbele yangu kuna kundi la ndege nisioweza kuwatambua. Nataka nikusimulie asubuhi ile yote, hata zile sehemu zisizonipendeza, kwa sababu umefika umri niliokuwa nao mimi, na watu wameanza kukuuliza unachojua.

Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, nikikaa kwa shangazi yangu mjini, mtaa wa Mutanga Sud. Masomo yalikuwa yamesimamishwa, sikuwa na la kufanya ila kusikiliza redio, na redio ikinyamaza, kusikiliza bunduki upande wa milimani. Ndipo jirani yetu Mzee Kalisto akaniomba nimsaidie kuhesabu ndege. Kabla ya vita hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, wale ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya huanza kurudi kwao, na hapo pembeni mwa mji hutua kula na kupumzika. Wenzake walikuwa wamekimbia nchi. Yeye aliendelea, mara mbili kwa juma, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo cha askari kilichokuwa karibu na daraja. Nilimwuliza nani atazisoma hesabu zile. Akasema hajui, ila mwaka usipohesabiwa, baadaye hakuna wa kuurudia.

Asubuhi ile vitwitwi walikuwa wengi, wale ndege wadogo wa kahawia wanaotembea ukingoni wakitikisa mikia. Wako wa aina mbili wanaofanana sana. Unawatofautisha kwa miguu, hawa ya njano, wale ya kijani. Lakini walikuwa wamesimama majini hadi tumboni, na ukungu juu. Nikaandika aina ya kwanza, arobaini.

Mzee akatazama daftari. "Umeona miguu?"

"Apana, mzee."

"Sasa umejuaje?"

"Wanafanana na wale wa juzi."

"Futa. Andika arobaini, halafu andika sijui."

Niliona aibu. Mtu wa chuo kikuu aandike sijui? Nikamwambia nitafuta, na sikufuta. Akachukua darubini yake, akapanda juu kidogo kufuata mto, kuwahesabu membe, wale ndege weupe wa ziwani. Nikabaki peke yangu.

Hazikupita dakika nyingi wakaja askari watatu. Walinifahamu kwa sura, tukasalimiana. Mkubwa wao akanyoosha mkono kwenye matete ng'ambo ya kijito kimoja kinachoingia mtoni. Kulikuwa na mtu ameinama, ana panga, ametupa mgongo.

"Yule mutu munamujua?"

Mwanangu, mpaka leo najiuliza nini kilipita kichwani mwangu. Juma lile watu wa mtaani walikuwa wakisema kwamba waasi wameshuka, wanajificha kwenye matete. Nilikuwa naogopa. Na nadhani pia sikutaka kuulizwa jambo nikakosa jibu, mara ya pili asubuhi moja. Nikasema, "Si mutu wa hapa. Nafikiri ni wale walioshuka."

Wakavuka. Sikusikia waliyosema. Nilimwona akisimama, mzigo wa matete ukaanguka, mmoja akampiga kitako cha bunduki mkononi, panga likaruka. Wakampitisha karibu yangu. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Nikainamia daftari, nikaanza kuhesabu tena, nikafika kumi na mbili, nikarudi mwanzo. Sikuelewa kwa nini hesabu haziendi.

Mzee aliporudi nikamwambia askari wamechukua mtu.

"Mutu gani?"

"Sijui," nikasema.

"Walikuuliza?"

Nikamweleza yote, hata panga na mzigo wa matete. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya gogo lililolowa, akafuta lenzi za darubini muda mrefu, ingawa mvua ilizilowesha tena kila alipozifuta. Kisha akasema, "Yule ni Byamungu, Mukongomani anayekaa mtaa wa Kinama. Anakata matete ya kufuma ukuta wa nyumba. Miaka mitatu anapita hapa. We hujamuona kwa sababu unaangalia ndege tu." Akasimama, akaanza kutembea kuelekea daraja. Nikamfuata.

Mzee aliingia kituoni, mimi nikakaa nje ukutani. Na hapa ndipo moyo wangu ulipovurugika kabisa. Nilijikuta naomba Mungu mtu yule awe mwasi kweli. Niliomba hivyo, mwanangu, mimi niliyekuwa naimba kwaya. Akiwa mwasi, sikukosea. Nikashtuka, nikaomba kinyume chake, kisha nikarudia la kwanza. Mzee akatoka jioni bila jibu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Siku ya nne wakamwachia Byamungu.

Juma lililofuata Byamungu alikuja kutusalimu pale mtoni. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, umevimba hadi kwenye vidole. Akamshukuru Mzee, kisha akanigeukia. "Na we dada, nimesikia siku ya kwanza mulikuja wawili kuniombea. Mungu akubariki."

Nilimtazama Mzee. Alikuwa ameweka darubini machoni, na sikujua kama ananifichia kosa langu au ananiacha niseme mwenyewe. Ningeweza kuitikia amina, na mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Mimi ndiye niliyewaambia we ni muasi."

Akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Kwa nini? Tuligombana wapi?"

"Apana. Nilikuwa sikujui."

"Sasa kama hunijui, si ungesema hunijui?"

Akaenda kukusanya matete yake kwa mkono wa kushoto. Nikamsaidia kufunga mzigo. Hakunikataza, wala hakusema asante. Baadaye tulisikia amevuka mpaka, amerudi kwao Uvira. Kama mkono ule ulipona, sijapata kujua. Mzee Kalisto naye hakunikemea tena, na nilitamani anikemee.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Ukiulizwa habari ya mtu usiyemjua, sema humjui, hata anayekuuliza awe na bunduki, hata wenzako wote wawe wanajua. Hofu itakuletea jibu haraka; usilitoe. Utaonekana mjinga kwa muda, na ujinga huo haumvunji mtu mkono. Ukiwa umeshakosea, nenda mwenyewe ukaseme, kabla hujashukuriwa kwa jambo usilolifanya. Usitegemee kusamehewa. Nenda tu.

Mungu akulinde mdomo siku ya hofu, mwanangu. Akupe watu watakaokutafuta mpaka siku ya nne, na akufanye wewe mmoja wao.