Breki Iliyopakwa Mafuta ya Nyonyo

Enzi zetu sisi tuliozaliwa juu kule Uluguru, tambarare tuliiona kwa mbali tu, kama kitu cha watu wengine. Mchezo wetu ulikuwa kuteleza. Unabandua gome la mgomba, lile bichi lenye utelezi, unakaa juu yake, mwenzio anakusukuma, unashuka ubavu wa mlima mpaka kwenye maharage ya watu. Mama alikuwa akisema, "Teleza tu, siku moja utafikia Kisaki, huko tambarare, na mimi sikufuati." Kaptula hatukuwa nazo, kinachochubuka kinachubuka. Jioni unapakwa mafuta ya nyonyo. Vidonda, nywele, tumbo, masikio, kila kitu dawa yake ilikuwa nyonyo. Tulinuka kijiji kizima, wala hakuna aliyemcheka mwenziwe. Wajukuu zangu wanajipaka vitu vinavyonukia maua, na bado wanajikuna.

Lakini si katika kuteleza nilikovunjika mguu. Niliuvunja kwa kuanguka kutoka kwenye mfenesi, na fenesi lenyewe lilikuwa bichi. Bibi aliufunga mabanzi, ukavimba, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Mama akasema mjini Morogoro yupo daktari wa Kijerumani, mtoto apelekwe kabla mguu haujaoza. Wakajaribu kunibeba mgongoni. Nilipiga kelele mpaka wakanirudisha chini.

Kaka yake mama, mjomba Mkude, alikuwa na kazi ya kukokota gari la mkono la ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka kama majani, ambayo Wajerumani waliyachimba mlimani wakayateremsha stesheni. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba anaarifiwa. Mjomba akasema nitapanda juu ya magunia, basi. Yeye alishika mbele. Nyuma, kwenye breki, alikuwa Mnyamwezi mmoja jina lake Mihayo, aliyeletwa na kazi ya reli. Breki yenyewe ilikuwa kipande cha mti mgumu tu: unavuta wenzo, mti unabana gurudumu.

Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kwa hiyo tangu kulipopambazuka walikuwa wakitukanana kwa raha zao.

"Nyinyi watu wa mlimani," alisema Mihayo, "mnalala mmejifunga kamba msije mkabiringika!"

"Na wewe ulizaliwa na mzigo kichwani," mjomba akamjibu. "Mkunga alidhani pacha."

Nilicheka na mguu unauma hivyohivyo.

Sasa lile gari lilikuwa linalia, jamani. Nyiii, nyiii, linasikika mlima wa pili. Mihayo akasema lisimame, tujue nani analia. Akalisukuma taratibu mahali palipo sawa, breki imeachiwa, ameinama na sikio lake karibu na gurudumu.

"Unasikia? Hapa hatushuki, sijashika kitu, na analia. Huyu mwembamba ni ekseli, imekauka. Mpe mafuta." Tukateremka kidogo, akavuta wenzo, ikatoka sauti nyingine nene, ya kukwaruza. "Na huyu mnene ni breki. Huyu mwache alie, mtani. Akilia ujue ameshika."

Kisha akashuka kijitoni kunywa maji.

Mbele yetu palikuwa na msitu wa mizimu. Mjomba wangu alikuwa Mwislamu wa kuswali, lakini pale hakuna aliyepita na kelele; hata kikohozi ulikimeza. Wazee wetu waliokufa walitambikiwa pale, nawe huwezi kupita ukiwapigia mayowe kama umewakuta sokoni. Mjomba aliona haya kupitisha kilio kile. Akachukua kibuyu cha nyonyo mama alichonifungia kwa ajili ya mguu, akapaka ekseli. Kisha, Mihayo akiwa bado kijitoni, akapaka na ule mti wa breki, akausugua vizuri kama anampaka mtoto.

Tulipita msituni kimya kabisa, kwa adabu. Mihayo alinitazama kwa mshangao lakini naye hakufungua kinywa. Baada ya msitu ndipo penye mteremko mkali, bonde liko kushoto. Mihayo akavuta wenzo. Kimya. Akavuta tena. Gari likaanza kumsukuma mjomba mgongoni.

"Mkude! Umempaka na huyu?"

"Nimempaka!"

"Mtani, umetuua!"

Mimi niko juu ya magunia, mguu kwenye mabanzi, siwezi kuruka. Mjomba alikuwa anakanyaga nyuma kwa visigino, mawe yanaruka. Mihayo akaukalia wenzo kwa uzito wake wote, huku anaburutwa, mkono mmoja anachota mchanga wa njiani anautupia kati ya mti na gurudumu. Anachota, anatupia. Mara gari likalia. Ile ile sauti ya kukwaruza! Sijasikia tena kilio kitamu kama kile. Tukasimama, gurudumu la kushoto limekanyaga majani ya ukingoni.

Mjomba aliketi chini, akasema, "Niliona haya kwa wazee."

"Hao wazee wako nusura uwapelekee mgeni," alisema Mihayo, na akaanza kuufuta ule mti kwa kitambaa chake.

Daktari aliuvuta mguu wangu mpaka nikazirai, lakini hakuukata. Ndio huu. Umepinda kidogo, ila nimelimia mguu huu, nimechumbia mguu huu, namshukuru Mungu na waja wake. Siku hizi naona vijana wanapita Dumila na malori yao, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Gurudumu likilia, wanaongeza redio. Sisi tulikuwa na gari moja la mkono na tuliliuliza linaumwa wapi.

Siku ile, waliponilaza barazani kwa daktari, mjomba alimshika Mihayo mkono. "Usiondoke. Mama yake huyu atakuchinjia jogoo."

"Jogoo wa mlimani? Huyo mguu mmoja mfupi, kwa kusimama kwenye mteremko!"

Akacheka mwenyewe. Akanigusa kichwa, akatupia kitambaa begani, akafuata reli upande wa magharibi kuliko na kazi, wala hakugeuka. Mama alipoelezwa, alimwekea jogoo, akakataza asiguswe, mpaka akazeeka akafa mwenyewe. Mihayo hakurudi.