Tembo wa Bibi Hauzwi

Nakumbuka adhuhuri moja pale Ng'ambo, Tabora, enzi za Mwingereza, nimeketi barazani kwa Bibi nikiringia Kiingereza changu cha sekondari. Mwanangu, mimi hata kwenda stesheni kulinichosha, lakini siku zile moyo wangu wote ulikuwa kwenye baiskeli.

Akaja bwana mmoja wa reli, Mwingereza, mkusanyaji wa sarafu za kale. Alisikia kwamba Bibi anavaa shingoni rupia ya dhahabu ya Mjerumani, ile yenye tembo aliyeinua mkonga, iliyopigwa papa hapa Tabora Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana Wajerumani. Hazikutengenezwa nyingi, akanieleza, na wenzake Ulaya wanazisaka kama wendawazimu. Ya Bibi ilikuwa na tundu. Aliguna kidogo, lakini aliitaka hivyo hivyo.

Nikamfasiria Bibi. Akatabasamu, akaweka kanga yake vizuri. "Mwambie karibu tena."

Mtoto yeyote wa Tabora anajua kwamba hiyo ni "hapana" iliyovaa nguo za Idi. Mimi nikamwambia bwana yule: anasema urudi uichukue.

Akarudi kweli, na kisanduku chenye kitambaa chekundu, katikati pamebonyea, mahali pa tembo. Bibi akakitazama kisanduku, kisha akanitazama mimi.

"Mume wangu," akasema, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "leo fasiri neno kwa neno. Tundu hili babu yako alilitoboa kwa msumari siku aliyozaliwa mama yako, akanivisha. Huyu mgeni anatafuta tembo wake. Mimi wangu nimeshampata."

Nikafasiri huku jasho linanitoka. Bwana akavua kofia, akafunga kisanduku, akaomba aishike tu ile rupia. Bibi akamkabidhi, akaagiza kahawa. Mgeni akawa anaigeuzageuza juani, uso umemchangamka, na Bibi anamcheka; kisha akairudisha.

"Na wewe," akanigeukia, "shingo yangu uliiuza kwa nini?"

"Nilitaka fedha ya baiskeli, Bibi."

"Uende wapi, wewe usiyefika hata sokoni?"

Basi, mwanangu, ukisimama kati ya watu wawili wasioelewana lugha, yafikishe maneno yao mazima, usichanganye na haja zako. Na kitu cha mtu, kabla hujauliza kitauzwa lini, muulize kilimfikiaje. Mungu akujalie ulimi wa kuaminika, na nyumbani mwako kisikosekane kitu kimoja ambacho mgeni atakishika, atakisifu, kisha atakurudishia.