Dereva wa Siku ya Kura

Kila uchaguzi, dereva wa chama hufunga utepe mwekundu kwenye gari lake na kulizunguka bonde zima akiwachukua wazee wasioweza kukipanda kilima cha kanisa, kunakopigiwa kura. Jimbo hili chama chake hakijawahi kulipoteza tangu enzi za wachimba makaa ya mawe, lakini mwaka huu watu wanaitikia salamu zake huku wakitazama viatu vyao. Mvua ilikuwa ikinyesha alipomchukua Bi Ceinwen, mjane wa swahibu yake. Katikati ya kilima, mama yule akasema, "Shemeji, nisikufiche. Leo nyie kura siwapi."

Gari likasimama. "Hata wewe, shemeji?"

"Hata mimi. Zahanati imefungwa mnaangalia tu. Ukitaka nirudishe nyumbani, sitakulaumu. Kwa miguu sifiki."

Dereva akafuta kioo kisichokuwa na ukungu. Safari hii wangeweza kuangushwa kwa kura chache tu. Kisha akatia gia, wakapanda. Kanisani alimfungulia mwavuli, akampa mkono kwenye ngazi.

"Nishike vizuri, shemeji," alisema. "Hapa panateleza."