Jiwe la Tadeo wa Kalenga

Lusia alikuwa mpiga pasi, na usiichukulie kazi hiyo kirahisi. Katika Iringa ya miaka ile ya hamsini, shati lililopita mikononi mwake ulilitambua kanisani hata kama mwenyewe amejificha benchi la nyuma. Kazi aliianzia kwa masista wa Tosamaganga, akahamia mjini, mwisho akatulia kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya Bwana Sundaram, karani wa kuchora ramani za barabara. Sundaram alikuwa Mtamili, Mhindi wa kusini kabisa, ambaye hata Wahindi wenzake wa madukani hawakuielewa lugha yake. Watu wa sokoni walishangaa ni Mhindi gani huyu asiye na duka. Lusia yeye alijali kwamba mkaa wa pale ulikuwa mkavu na mama mwenye nyumba hakuwa msumbufu.

Wengi walimjua kuwa mcheshi. Alikuwa na neno kwa kila kola chafu na kila suruali iliyochanika mahali pa aibu. Wasichokijua ni kwamba mwanamke yule alikuwa amekatazwa kulia.

Mumewe, Tadeo, aliingia ukeya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Wajapani, akapelekwa Seloni na kisha Burma, kupigana kwa niaba ya Mfalme Joji ambaye hakuwahi kuonana naye. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito, yeye hakurudi. Bomani walisema haonekani, wakaishia hapo. Ila Jailos, mtu wa Uyole aliyekuwa kikosi kimoja naye, akiwa njiani kurudi kwao aliteremka Iringa makusudi, akatembea mpaka Kalenga kuwaeleza ndugu. Mto ulikuwa umefurika. Tadeo aliingia majini akiwa na mzigo wake, na juu yake mzigo wa mwenzake aliyekuwa na homa. Baada ya hapo Jailos hakumwona tena.

Kalolo, kaka mkubwa wa Tadeo na mkuu wa familia, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamchinjia kuku. Kisha akasema kwamba Jailos aliona maji, hakuona maiti. Hapatakuwa na matanga. Atakayemlilia Tadeo atakuwa anamuua kwa mdomo wake.

Tusimwonee Kalolo. Mama yao alifariki Tadeo angali mchanga, na Kalolo ndiye aliyembeba mgongoni, jambo ambalo wanaume wenzake walimcheka kwalo miaka mingi. Lusia alilijua hilo, kwa hiyo hakubisha. Kila Jumapili alipokwenda Kalenga alikuta kigoda cha Tadeo kimepanguswa vumbi na kuwekwa mahali pake. Chozi likimjia husingizia moshi. Hakuwa mjane wa kupewa pole wala mke wa kungojea mlangoni, na hali hiyo ilimuuma kila siku aliyoamka.

Mama wa nyumba aliitwa Kamala. Baba yake alikuwa mwalimu huko kwao, akamjaza kichwani mashairi ya kale. Kiswahili chake alikifundishwa na Lusia, basi kilikuwa na lafudhi mbili, ya Madras na ya Kalenga. Bwana Sundaram akisafiri kupima barabara ya Mbeya, Kamala huleta mkeka barazani, akashona na kukariri kwa Kitamili huku Lusia anapiga pasi.

"Hii shairi ya zamani sana, Lusia," alimwambia siku ya kwanza. "Kabla Wazungu hawajawa Wazungu."

Akamweleza kwamba wahenga wao waliyagawa mashairi mafungu mawili. Yako ya nje na yako ya ndani. Ya nje ni ya wafalme na vita, na humo jina hutajwa: mfalme fulani, shujaa fulani, kilima fulani alikoangukia. Wafalme hao walipofurahi waliwazawadia washairi tembo mzima. Lusia akauliza mshairi mwenyewe hana hata chakula, huyo tembo atamlisha nini, na Kamala akacheka mpaka sindano ikamchoma.

Mashairi ya ndani ni ya mapenzi, na humo hakuna jina hata moja. Anayependa hatajwi, anayependwa hatajwi, ili kila asikiaye aweze kuingia. Ila nchi hutajwa, maana kila hali ya mapenzi ina nchi yake. Pwani ni kwa anayelia. Msitu ni kwa anayengoja na kuvumilia. Nchi kame ni ya kutengana. Mashamba ya mpunga ni ya mke aliyenuna, na kwa sababu hiyo Kamala alimtania mumewe kila alipotumwa Madibira kwenye mpunga. Na milima ni kwa wapendanao wanaokutana.

Lusia akaangalia milima inayoizunguka Iringa pande zote. Akasema basi wahenga wake Kamala hawakufika huku. Kamala akaangalia naye, akaacha kushona. Mumewe alikuwa safarini. Walikaa wanawake wawili katika nchi ya kukutana, kila mmoja peke yake.

Siku nyingine Kamala alikuwa akieleza mashairi ya nje. Akasema shujaa akifia vitani, watu wake walimsimikia jiwe. Walichonga jina lake na tendo lake, wakalipamba kwa maua na manyoya ya tausi, na wapita njia walisimama hapo kumheshimu.

Lusia akauliza mwili uliwekwa wapi.

"Mwili kama iko, sawa. Kama haiko, jiwe ndiyo yeye."

Harufu ndiyo iliyowashtua wote wawili. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati jipya la Bwana Sundaram na kuchora alama yake nyeusi katikati ya mgongo. Katika maisha yake yote ya kazi Lusia hakuwahi kuunguza nguo. Kamala alilitazama shati, akamtazama Lusia usoni, akalikunja taratibu na kulitia kapuni.

Hata hivyo Lusia hakuthubutu kulipeleka neno lile Kalenga. Angeanzia wapi? Akalibeba moyoni mpaka mwaka wa hamsini na nne, kichwa cha Mkwawa kiliporudi.

Kwa Wahehe hadithi hiyo haihitaji kuelezwa. Mtemi aliwapiga Wajerumani, wakamwandama miaka, naye akajimaliza mwenyewe kuliko kukamatwa, nao wakamkata kichwa wakaenda nacho kwao. Mwezi wa sita wa mwaka huo kikaletwa Kalenga kwa gwaride na tarumbeta. Watu walijaa mpaka juu ya vichuguu. Lusia alisimama nyuma ya Kalolo, ambaye baba yake alipigana upande wa mtemi yule, akamwona mzee akilia. Alilia waziwazi bila kujifuta, na hakuna aliyemkataza.

Walirudi pamoja kwa miguu kuelekea nyumbani. Lusia alingoja watu wapungue njiani.

"Shemeji," alisema, "leo umelia."

Kalolo akajibu nani asingelia, naye mtemi amerudi.

"Mlikuwa mnamlilia tangu mimi sijazaliwa, na vilio vyenu havikumzuia kurudi. Niruhusu na mimi nimlilie mume wangu. Kama yu hai atarudi tu, atukute na macho mekundu."

Mzee akauliza, kwa sauti ya chini, watamlilia juu ya nini, nao hawana hata ukucha wake. Hapo Lusia akamweleza habari ya jiwe, yote, na tausi wake. Kalolo akasema hizo ni desturi za Kihindi.

"Na mtemi kurudi kwa tarumbeta ni desturi ya nani?"

Kalolo akaongeza mwendo, akamwacha nyuma. Lusia akajua ameharibu, akageuka kushika njia ya mjini, akafika amechoka kuliko alivyowahi kuchoka.

Jumapili kadhaa zilipita, mzee hasemi naye zaidi ya salamu. Kisha Jumapili moja Lusia akafika na kukuta kigoda hakipo mahali pake. Ukutani pa nyumba palikuwa pameegemezwa jiwe refu la kijivu, laini, bado lina mchanga. Kalolo alikwenda Ruaha na vijana wakalitoa majini. Alisema maneno machache tu, kwamba kwa kuwa ni mto uliomchukua, basi mto mwingine utoe.

Walilisimika mbele ya zizi. Jailos alipanda lori kutoka Uyole akaja kuisimulia tena habari ya mizigo miwili na homa, na safari hii watu waliisikia. Katekista alisali. Kamala alikuja na mumewe, na kwa kuwa Iringa haina tausi alileta manyoya ya kanga, yenye madoadoa, akayachomeka moja moja kwenye udongo. Kalolo akaweka mkono juu ya jiwe, akataja jina la mdogo wake, la baba yao, na la nchi alikofia. Akaanza kulitaja tendo lake, akafika kwenye mzigo wa mwenzake, akaanguka magotini. Kilio kikapasuka boma zima.

Lusia hakulia. Alisimama mkavu kama kuni. Alitafuta chozi la kujionyesha tu, hakulipata. Mashemeji walimtazama, wakatazamana. Alirudi mjini na aibu kubwa, akijiuliza ni mtu wa namna gani huyu aliyeomba kitu miaka yote, akapewa, akashindwa kukipokea.

Jumanne alikuwa barazani na pasi yake kama kawaida. Kamala alikuwa akikariri shairi polepole. Lusia akauliza hilo ni la nje au la ndani. Kamala akasema la ndani. Lusia akaishusha pasi kwenye kigae chake, akakaa chini, na maneno yakaanza kumtoka kwa Kihehe, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili:

"Uliomba maji ya kuoga ukatoka. Niliyabandika, yakachemka, yakakauka. Nimebandika mengine. Yamekauka. Wewe umeogea wapi?"

Aliyarudia, na katika kuyarudia kilio kikaja, cha miaka kumi, kirefu, cha kumpinda mgongo. Hakutaja jina la mtu. Kamala hakujua Kihehe, wala hakuuliza alichosema. Alimwachia nafasi kwenye mkeka, akainuka, akachochea mkaa uliokuwa unakufa, akachukua pasi.

Kesho yake Bwana Sundaram alikwenda ofisini na shati lenye mikunjo mpaka mabegani, wala hakuuliza limepigwa na nani.