Siku Nilipomfunga Mjomba Kassim Kwenye Ndege ya Sebuleni

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii niliiunda mwenyewe, kwa bisibisi yangu na mbao zangu, kwa hiyo mkicheka nichekeni mimi, msimcheke Mjomba Kassim, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kuniamini.

Mimi ni wakala wa mizigo hapa Guangzhou. Nakaa ghorofa ya tisa karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, na godauni tunakofungia marobota liko chini ya jengo hilohilo. Kwa miezi minne, kila nikitoka kazini, nilikuwa najenga chumba cha rubani sebuleni kwangu. (Ngojeni niwaeleze, maana hata wewe unaweza kukijenga, wala si maajabu.) Unatafuta kiti, changu kilitoka kwenye basi dogo lililokufa. Mbele yake unaweka usukani wa ndege, miguuni pedali mbili, pembeni kishikio cha kuongeza nguvu ya injini, na chini ya kiti unafunga mota ndogo za kutetemesha. Halafu unavaa miwani ya uhalisia pepe, ile minene inayoziba macho yote, na kompyuta inakuchorea ndege nzima, mawingu, uwanja, mpaka kivuli cha bawa lako kikikimbia chini. Utamu wenyewe uko hapa: ukishavaa miwani huoni mikono yako ya kweli, kwa hiyo kila kitufe lazima ukikaze palepale macho yanapokiona, kisikosee hata upana wa kidole. Siku niliyonyoosha mkono gizani nikashika chuma cha kweli mahali pale nilipoona chuma cha uongo, nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga goli!

Mwenye nyumba hataki sakafu yake itobolewe, basi kila kitu nilikifunga juu ya mkokoteni wa chuma, ule wa magurudumu manne wanaobebea marobota, nikaupima upite mlangoni na kwenye lifti. Kilibaki kitu kimoja, mkanda wa kiti. Ulikuwa lazima, kwa sababu Otieno, Mkenya ninayefanya naye kazi, alipokijaribu na ndege ikainama, aliruka kutoka kitini akavunja ubao wa mbele kwa magoti. Nikaagiza mkanda mzuri wenye kifungo cha kubonyeza, wakasema utafika Ijumaa. Mjomba Kassim akaja Alhamisi.

Mjomba huyu ni kaka wa mama yake Zuhura, mchumba wangu aliyeko Temeke. Posa yangu ilikuwa imeshafika kwao, na wao wakajibu kwa adabu kwamba Mjomba anakwenda China kununua vitambaa, atanitazama, na atakalosema yeye ndilo jibu la ukoo. Mnaelewa uzito wake. Asubuhi alikwenda soko la vitambaa la Zhongda, mchana akaja kwangu na kanzu nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka, nikampa shikamoo mpaka karibu nipige goti, nikamwagizia wali na nyama ya kondoo (mimi sipiki, jikoni kwangu kuna sufuria moja na vijiko viwili), akala, akasifu, akaniuliza kazi, akaniuliza swala, kila kitu kinateleza, ndipo akaona kile kidude kwenye kona.

"Na hiki nini, mwanangu?"

"Ndege, Mjomba."

"Ndege!"

Basi ugonjwa wangu wa kueleza ukapanda, nikaeleza nusu saa nzima, mpaka mzee mwenyewe akakunja mikono ya kanzu akasema, "Maneno mengi ya nini? Nirushe."

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mdogo. Ningesema mkanda unakuja kesho. Badala yake nikachukua mkanda wa kufungia marobota. (Kwa asiyeijua kazi yetu, huo ni mkanda mgumu wa plastiki, unauvuta kwa mashine ya mkono, kisha unauminya kwa kipande cha bati, na ukishauminya haufunguki, unakatwa.) Nikampitishia mmoja mapajani na miwili mabegani, mashine inalia kra, kra, kra, kazi safi kabisa, ningeweza kumsafirisha mpaka bandarini asilegee. Kikatio kilikuwa godauni. Sikukikumbuka.

Nikamvika miwani, tukaruka kutoka Dar. Jamani, mngemwona! "Bahari hiyo! Kigamboni ile! Wallahi naona mapaa!" Nami nafurahi kuliko yeye, namwelekeza taratibu, vizuri Mjomba, polepole, unaweza, mpaka alipovuta usukani kwa nguvu na ndege ikalala chali. Akapiga shahada. Akaanza kutoka jasho. Macho yanaposema unabiringika na masikio yanasema umekaa, tumbo huwa halijui limwamini nani, na tumbo la Mjomba lilikuwa na kondoo.

"Nifungue, natapika!"

Nikamvua miwani haraka. Mikanda nikaivuta, nikaing'ata, nikaisugua kwa kijiko. Nikakimbilia kwa jirani, mama mmoja wa Kichina mwenye huruma, nikamwonyesha kwa vidole alama ya kukata, naye akanifuata mbio na lile panga lao la kukatia mboga, pana kama sinia. Mjomba alipoinua macho akamwona mlangoni, kichefuchefu kikapona hapohapo.

"Huyo mama akae mbali! Kijana, mahari hatujataja, unataka kunichinja?"

"Basi tushuke godauni, Mjomba. Kikatio kiko huko."

"Nishuke vipi?"

Nilitazama magurudumu. Naye akayatazama.

Tukaingia kwenye lifti, mimi nasukuma, jirani na panga lake nyuma yetu kwa wema tu. Chini ilikuwa saa ya watu, wafanyabiashara wa Dar na Unguja wamejaa mlangoni na mafurushi yao, na wote, kwa malezi mema, wakamwamkia mzee aliyefungwa kwenye kiti cha basi, "Shikamoo, mzee," naye anaitikia "Marahaba, marahaba" huku anatazama mbele kama rubani. Otieno akaja mbio.

"Buda! Umefunga mtu kama mtumba!"

"Lete kikatio!"

Akaenda kukitafuta. Sasa godaunini kwetu kuna desturi, mkokoteni ukivuka mlango unakwenda kwenye mizani kwanza, maswali baadaye. Kabla sijafumbua mdomo mpimaji wetu alishauvuta, akasoma kilo kwa sauti kubwa, akafungua kalamu ya wino mzito, akaniuliza, "Laoban, alama gani?" (yaani bosi, aandike alama ya mteja gani kwenye mzigo). Mtu akacheka, simu zikainuliwa, na video ikaingia kwenye kundi la wasafirishaji, ambalo nusu yake wako Dar.

Otieno hajarudi, simu ya Mjomba ikalia mfukoni mwa kanzu. Nikaitoa, nikaiweka kwenye spika, maana kwa mikanda ile ya mabegani mkono wake haukufika mfukoni. Alikuwa mama yake Zuhura.

"Kaka! Nimeona picha! Nani kakufunga?"

Mjomba akanigeuzia macho. Nilijua Zuhura anakwenda kuolewa na mwingine.

"Mkweo," akasema. "Mkweo ndiye kanifunga. Kijana ana akili nyingi, dada, na kanirusha mpaka Kigamboni. Ila nyumbani kwake hana hata mkasi. Mwambie Zuhura aje nao."

Otieno akafika na kikatio, nikaikata mikanda kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku ile nimeapa simfungi binadamu kwa kitu chochote kabla sijajifunga mwenyewe na kujifungua mara tatu. Nyinyi mnaotaka kujenga, jengeni, raha yake haina mfano, na mkikwama niulizeni nitawaeleza hatua kwa hatua. Lakini mgeni akisema arushwe leo, mpe chai, mwambie ndege imeahirishwa.