Dawa ya Mchicha Haikai Kwenye Chupa ya Soda

Niliondoka Kimara kwa sababu mwanangu Baraka, wa miaka mitatu, alikunywa dawa ya kuulia wadudu wa mchicha akidhani ni soda. Sitazunguka. Niliinunua mie, ya kupima, kwenye chupa ya soda kama tunavyofanyaga wote, nikaiweka dirishani. Tangu tumzike, bustani niliiacha iliwe na wadudu. Lakini nina mwingine mgongoni, Neema, na mchicha ndio unaotulisha. Nikasikia kuna mama huko bonde la Mbagala analima juu ya maji bila sumu. Nikamfuata.

Saa tatu asubuhi, Chang'ombe. Nilishuka makusudi kwenye duka lile nililonunulia dawa. Muuzaji akanichangamkia, "Sista, umepotea! Nikupimie ile ile?"

"Ile ile ndiyo iliyomuua mwanangu."

Tabasamu likamkauka. "Pole sana. Lakini chupa si mnakuja nayo wenyewe?"

Nilitaka kumzaba kofi. Sikumzaba, maana alisema kweli.

Saa tano, bondeni. Maji ya mafuriko yalikuja yakagoma kuondoka, basi mwenyeji wangu, Bi Somoe, alifunga mianzi, akalaza magugu maji, akatandika udongo juu, akapanda mchicha. Vitanda vinaelea, kavifunga kamba kama mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, hapa hakuna mwenye miguu misafi."

Alitwanga majani ya mwarobaini akayaloweka ya kesho. Yaliyolala tangu jana akayachuja, akakwangulia sabuni ya mche ili dawa ishike jani. Tukanyunyiza upande wa chini wa majani, wanakojificha vidukari. Sumu ya dukani, alisema, ingedondokea majini moja kwa moja, na humo mna perege wake.

Nikamwonyesha kiwavi. "Mbona huyu hafi?"

"Hafi leo. Anaacha kula kwanza."

Nikakaa palepale kwenye tope. Baraka naye aliacha kula kwanza. Siku mbili hospitalini namchombeza na uji, hataki. Bi Somoe alimfungua Neema mgongoni mwangu, akamchukua.

Saa tisa, kuaga. Akanitolea dawa ya kuanzia kwenye chupa ya soda. "Shika. Hii haiui mtu."

"Chupa hiyo sishiki!" Nilipayuka mpaka Neema akalia. Ndipo nikamweleza.

Aliitazama ile chupa, kisha dirisha la nyumba yake. Pale zilipangwa nyingine tatu za dawa, na wajukuu wanacheza chini yake. Akazimimina zote ndooni, akafunika, akazitoboa chupa kwa kisu, moja moja.

Magharibi, Kimara. Nimerudi na majani matupu kwenye kikapu. Nitayatwanga mwenyewe, na ndoo itakuwa na mfuniko, juu, mbali na mkono wa mtoto. Bi Somoe kanifundisha dawa. Habari ya chupa kafundishwa yeye, na Baraka. Kafundisha watu wazima, mwanangu, na chekechea alikuwa hajaanza.